Mwongozo: Mastaringi ya muziki kwa bei nafuu, huduma inayovuka mpaka bila lori

WANAMUZIKI wa kujitegemea katika nchi za Afrika Mashariki sasa wanaweza kupata huduma ya kitaalamu ya kukamilisha nyimbo zao kutoka nchi jirani au ng'ambo kwa gharama ndogo kuliko miaka ya nyuma. Hata hivyo, unafuu huo hupotea haraka iwapo mnunuzi hajui anachonunua.

Huduma hiyo, ambayo studio huitwa mastaringi, ndiyo hatua ya mwisho kabla wimbo haujaingia sokoni. Haisafiri kwa kontena, haipiti mizani ya Vigwaza wala ya Mlolongo, na haipangi foleni Malaba au Tunduma. Lakini kama biashara nyingine yoyote, ina bei, ina viwango, ina mkataba, ina kodi na ina hasara.

Makala haya yanaeleza huduma hiyo inavyofanyika, inavyouzwa na inavyolipiwa, kwa manufaa ya msanii mwenyewe, mfanyabiashara anayemfadhili, na pia kampuni ya mabasi au ya mizigo inayotengenezesha wimbo wa tangazo.

MASTARINGI NI NINI

Wimbo hupita katika hatua tatu. Ya kwanza ni kurekodi, ambapo kila sauti na kila chombo huwekwa kwenye njia yake. Ya pili ni kuchanganya, au miksi, ambapo prodyuza hupanga sauti hizo zote na kuzitoa zikiwa faili moja lenye upande wa kushoto na wa kulia. Ya tatu ndiyo mastaringi.

Katika hatua hii ya tatu, fundi mwingine ambaye hakushiriki kwenye miksi husikiliza wimbo katika chumba kilichotayarishwa kwa kazi hiyo. Hurekebisha uwiano wa besi na sauti nyembamba, huweka kiwango cha ukubwa wa sauti, na huhakikisha nyimbo zote za albamu zinalingana. Mwisho huandaa faili kwa kila soko: redio, CD au intaneti.

Mfano wa karibu kwa mfanyabiashara ni ukaguzi na ufungashaji wa parachichi za kwenda nje. Mkaguzi hakulima shambani na hawezi kugeuza parachichi bovu kuwa zima. Anachoweza ni kupanga, kusafisha, kufungasha kwa kiwango cha soko, na kulikataa lililooza kabla halijaharibu boksi zima njiani.

Kazi hii ilianza enzi za santuri. Wimbo ulikatwa kwenye sahani kwa mashine, na besi ikizidi sindano iliruka, hivyo alihitajika mtaalamu wa kuupima kabla ya kiwanda kuchapa nakala. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 tatizo la sindano lilikwisha, lakini haja ya sikio la pili ilibaki.

KILICHOSHUSHA BEI

Mambo matatu yamechangia kushuka kwa gharama.

La kwanza ni nyaya za baharini. SEACOM ilianza kutoa huduma Julai 2009 na kufika Mombasa na Dar es Salaam, TEAMS ikafika Mombasa mwaka huo huo, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo, kutuma kazi ya studio kwa fundi wa nchi nyingine kulimaanisha kutuma CD au kanda kwa basi au kwa ndege, na kusubiri irudi kwa njia hiyo hiyo.

Leo wimbo wa dakika nne wenye ubora kamili wa studio, yaani faili la WAV la biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, una takriban MB 69. Ukiwekwa katika kiwango cha CD unakuwa na MB 42. MP3 ya kiwango cha juu, kbps 320, haifiki MB 10. Kwa hiyo nyimbo kumi za kwenda studio ya nje ni kama MB 700, mzigo ambao kifurushi cha kawaida cha intaneti kinaubeba.

La pili ni programu za kompyuta. Vifaa vya kubana na kurekebisha sauti vilivyogharimu maelfu ya dola kila kimoja sasa vina mbadala wake ndani ya kompyuta. Programu ya Ozone ya kampuni ya iZotope ya Marekani, ambayo ilitoka mwaka 2001, ni miongoni mwa zilizofungua njia hiyo.

La tatu ni ushindani. LANDR ya Montreal, Kanada, ilianza mwaka 2014 kuuza mastaringi inayofanywa na mashine bila fundi. BandLab nayo ilikuja na huduma ya namna hiyo bila malipo. Kwa upande mwingine, studio zenye majina makubwa kama Abbey Road ya London hupokea kazi kwa intaneti kutoka kwa mteja yeyote.

MIZANI YA SAUTI

Hapa wasafirishaji wataelewa haraka kuliko wanamuziki wengi.

Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake, lenye ekseli saba. Anayezidisha hafiki na faida aliyoitarajia, kwa sababu hutozwa faini na huamriwa kupunguza mzigo.

Muziki nao una mizani yake. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, lilitoa kanuni ya kupima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, na kipimo chake hujulikana kwa herufi LUFS. Mwaka 2010 mashirika ya utangazaji ya Ulaya yaliafikiana kutumia kiwango cha -23. Huduma za muziki wa intaneti zikafuata zikiwa na viwango vyake: Spotify hutumia -14, na Apple Music -16 pale msikilizaji anapowasha kisawazishaji cha sauti. YouTube nayo huziteremsha nyimbo zilizozidi.

Maana yake ni kwamba msanii akimwagiza fundi aupige wimbo hadi -7 ili usikike mkubwa kuliko wa wenzake, Spotify itauteremsha kwa desibeli 7 na kuulinganisha na mingine. Msikilizaji hatausikia ukiwa mkubwa zaidi.

Ipo tofauti moja kati ya mizani hizi mbili, nayo ni mbaya kwa msanii. Lori likipunguziwa mzigo, mzigo uliobaki huwa salama. Wimbo uliobanwa kupita kiasi ukiteremshwa, ngoma zilizopondwa hazirudi na sauti iliyokwaruzwa hubaki vile vile.

Kosa hili haliwapati wenye mtaji mdogo peke yao. Mwaka 2008 bendi ya Metallica ya Marekani ilitoa albamu ya Death Magnetic, na mashabiki walilalamika kuwa CD yake inakwaruza. Waligundua kuwa nyimbo hizo hizo zilisikika safi zaidi ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero, ambako hazikuwa zimebanwa kiasi hicho. Fundi wa mastaringi wa albamu hiyo, Ted Jensen, alieleza kuwa miksi zilimfikia zikiwa zimebanwa tayari.

Fundisho la kibiashara liko wazi. Mastaringi haiwezi kuokoa miksi iliyoharibika, hata kwa fedha za bendi kubwa duniani. Shilingi inaokolewa kabla faili halijatumwa.

Hata hivyo, -14 isichukuliwe kama amri. Nyimbo nyingi za biashara hutolewa zikiwa kubwa zaidi ya hapo, na soko la hapa nyumbani lina sehemu zisizo na kisawazishaji: DJ wa harusi, flashi ndani ya matatu au daladala, spika za dukani. Fundi mzuri huuliza kwanza wimbo utapigwa wapi, kisha hutafuta kiwango kinachofaa pote. Pia huacha nafasi ya desibeli 1 chini ya kilele cha juu kabisa, ili wimbo usikwaruze pale huduma ya intaneti inapoubadilisha kuwa faili dogo.

AINA TATU ZA WAUZAJI

Soko limegawanyika katika makundi matatu.

Mashine: Msanii hupakia faili na kupokea jibu baada ya dakika chache, bure au kwa dola chache. Inafaa kwa wimbo wa majaribio au tangazo la muda mfupi. Udhaifu wake ni kwamba haimwambii mteja kuwa besi yake imezidi kwa sababu chumba alichochanganyia kina mwangwi. Hurekebisha inachokipima na kuendelea.

Fundi huru: Huyu anaweza kuwa Nairobi, Kampala, Dar es Salaam, Kigali au nje ya bara. Matangazo huanzia dola 5, lakini mafundi wenye chumba na uzoefu hutoza mara nyingi kati ya dola 30 na 100 kwa wimbo. Faida yake kubwa ni mazungumzo. Fundi anaweza kuirudisha miksi na kusema, punguza besi, nitumie tena.

Studio kubwa: Bei yake kwa kawaida huvuka dola 100 kwa wimbo. Mteja hununua chumba, vifaa na jina. Kwa albamu yenye mdhamini au mkataba wa nje inaweza kuwa na maana. Kwa wimbo mmoja wa msanii anayeanza, fedha hizo zingefaa zaidi kwenye kurekodi upya sauti yenye kasoro.

HESABU YA GHARAMA HALISI

Bei ya tangazo si gharama yote. Tuchukue mfano wa msanii wa Mwanza mwenye dola 60 kwa ajili ya wimbo mmoja.

Akimlipa muuzaji wa dola 10 asiyekubali marekebisho, na wimbo ukarudi unakwaruza, atalazimika kumtafuta fundi wa dola 40. Jumla ni dola 50, na tarehe ya kutoa wimbo imesogea. Akianza na fundi wa dola 40 anayeruhusu marekebisho mawili, gharama inabaki dola 40 na kazi inakamilika kwa mzunguko mmoja.

Sasa aangalie marejesho. Tukikadiria kwa hesabu tu kuwa kila wimbo unaposikilizwa unamletea sehemu mbili za kumi za senti ya dola, dola 40 zinahitaji kusikilizwa mara 20,000, na dola 50 zinahitaji mara 25,000. Kosa la dola 10 limemwongezea deni la wasikilizaji 5,000. Aidha, tangu mwaka 2024 Spotify haigawi mapato ya rekodi kwa wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia, hivyo kwa anayeanza marejesho ya mwanzo yanaweza kuwa sifuri.

Kwa makampuni, iko pia kodi ya zuio. Kwa viwango vya mwaka 2024, kampuni ya Tanzania inayomlipa mtoa huduma asiye mkazi hukata asilimia 15. Ikiwa fundi wa Nairobi amesema anataka dola 40 kamili mkononi, kampuni inatakiwa kukokotoa malipo ya dola 47.06, ambapo 7.06 zinakwenda TRA. Neno hilo moja, mkononi, lisipojadiliwa mapema huzua ugomvi siku ya malipo. Viwango hubadilika kila sheria ya fedha inapopitishwa, kwa hiyo vithibitishwe kabla ya kusaini.

FORODHA NA SOKO LA PAMOJA

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inahusu pia biashara ya huduma. Tangu mwaka 1998 wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, WTO, walikubaliana kutotoza ushuru wa forodha kwenye vitu vinavyotumwa kwa njia ya elektroniki, makubaliano yaliyoongezwa muda mara kadhaa, ikiwa ni pamoja na Abu Dhabi mwaka 2024.

Boksi la CD zilizochapwa ng'ambo, flashi zenye nyimbo, au spika za studio ni bidhaa kama bidhaa nyingine, na hupita forodhani kwa taratibu za kawaida. Msanii anayetaka CD 500 anaweza kufanyiwa mastaringi nje na kuletewa faili tu, kisha akachapisha nakala katika nchi yake.

NYARAKA ZA SHEHENA

Kama lori lisivyoondoka bila nyaraka, faili nalo lina vitu vyake. Kabla ya kutuma, hakikisha:

1. Miksi ni WAV ya biti 24, yenye sampuli zile zile zilizotumika kurekodi. MP3 isitumwe, wala isigeuzwe kuwa WAV. Kufanya hivyo ni kumimina nusu lita ya maziwa kwenye chupa ya lita moja. Chupa imekua, maziwa ni yale yale.

2. Kifaa cha kubana kilichowekwa juu ya miksi nzima kwa ajili ya kuongeza ukubwa wa sauti kimeondolewa, na vilele vya sauti vimeachiwa nafasi ya desibeli 3 hadi 6.

3. Sekunde moja au mbili za kimya zimeachwa mwanzo na mwisho, ili mwangwi wa mwisho usikatwe.

4. Toleo lenye sauti na toleo la ala tupu vimetumwa pamoja. Kurudi baadaye kwa ajili ya toleo la ala ni gharama nyingine.

5. Wimbo mmoja wa mfano umetajwa, wa msanii mwingine, ambao mteja anapenda jinsi unavyosikika.

6. Jina la wimbo, majina ya wasanii na watunzi, na namba ya ISRC yameandikwa bila makosa.

ISRC ni kwa wimbo kama namba ya kontena ilivyo kwa mzigo. Kontena lina herufi nne na tarakimu saba. ISRC ina alama 12 zinazoonyesha mwenye kusajili, mwaka na namba ya rekodi. Ikikosewa, mapato yanaweza kwenda kwa mwingine, kama kontena linaloshushwa kwenye ghala lisilo lake.

Wakati wa kupokea, mteja adai WAV ya biti 24, WAV ya kiwango cha CD, na MP3 ya kupeleka redioni. Nakala zihifadhiwe sehemu mbili tofauti.

MKATABA NA MALIPO

Makubaliano ya maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, yataje bei kwa kila wimbo na sarafu, idadi ya marekebisho yasiyolipiwa, siku za kukamilisha, matoleo yatakayokabidhiwa, na nani analipa gharama ya kutuma fedha. Itajwe wazi pia kuwa fundi wa mastaringi halipwi kwa haki za wimbo. Usajili wa kazi hufanyika kwa mamlaka za nchi husika, kama COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya na URSB kwa Uganda.

Kwa fundi mpya, mwombe afanye sehemu ya dakika moja kwanza. Wengi hukubali bila malipo. Baada ya hapo, nusu ya malipo mwanzoni na nusu wakati wa kukabidhi ni utaratibu unaolinda pande zote mbili. Kati ya Kenya na Tanzania, M-Pesa imekuwa ikivusha fedha tangu mwaka 2015; mteja alinganishe makato na kiwango cha ubadilishaji kabla ya kubonyeza.

JINSI YA KUKAGUA MZIGO

Hila ya kawaida sokoni ni kuongeza sauti tu. Sikio la binadamu huona sauti kubwa kuwa ndiyo nzuri. Kwa hiyo mnunuzi asilinganishe miksi yake na mastaringi kabla hajateremsha ile iliyo kubwa hadi zilingane. Kama baada ya kulinganisha haoni tofauti, au anaona wimbo wake wa awali ulikuwa na uhai zaidi, arudishe kazi.

Ukaguzi ufanyike sehemu nne: spika za studio, hedifoni, simu ya kawaida, na ndani ya gari linalotembea. Spika ya simu haitoi besi ya chini kabisa, hivyo kama gitaa la besi linapotea lote kwenye simu, fundi aelezwe. Ndani ya basi, ngurumo ya injini hufunika besi na maneno yaliyosemwa kwa chini. Wimbo wa tangazo la kampuni ya mabasi ambao abiria hausikii ndani ya basi umeshindwa kazi yake, hata kama studio ulisifiwa.

Wanamuziki na wafadhili wao wanashauriwa kupanga bajeti kwa utaratibu huu: kwanza kurekodi kwa usafi, pili miksi isiyobanwa, tatu fundi mmoja anayeruhusu marekebisho na aliyeandikiana nao. Mwenye fedha kidogo asipunguze kwenye hatua ya kwanza ili alipe jina kubwa kwenye hatua ya mwisho, kwa sababu fundi wa mwisho, awe Kampala au London, hukagua alicholetewa tu.